Kabla hujajiunga na uzamili wa kufundisha Kiingereza, uliza haya mawili

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja aliyemaliza shahada ya kwanza mwaka huu. "Shikamoo dada. Kiingereza changu kiko vizuri, kila mtu ananisifu. Nataka kusoma uzamili niwe mwalimu wa Kiingereza kama lugha ya pili, tena mwenye cheti kinachotambulika. Nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu palepale kitandani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena, mpaka nikaona haya hayaishi kwenye ujumbe wa simu. Nayaleta hapa, maana najua mko wengi mnaowaza kama yeye.

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lililoniuma.

Nilijiunga na uzamili nikiamini kwamba siku nikivaa joho nitakuwa mwalimu kamili. Na niliuliza kabla ya kulipa ada. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye ndugu zangu walinilaumu kana kwamba niliingia kichwakichwa. Nilipiga simu ofisi ya udahili, nikasema, "Nataka kujua habari za ithibati ya kufundisha." Aliyepokea akanijibu kwa furaha, "Usiwe na wasiwasi, programu yetu ina ithibati." Nikashukuru, nikakata simu, nikalipa.

Joho nikalivaa, picha zikapigwa. Nikapeleka maombi ya kazi shule ya umma, nikarudishiwa barua ya mistari mitatu: huna leseni ya ualimu. Niliisoma nimesimama mlangoni, na viatu sijavua.

Yule wa udahili hakunidanganya, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ithibati aliyoisema ni ya programu: maana yake chuo kimekaguliwa na kozi zake zinatambulika. Leseni ni ya mtu. Haitolewi na chuo, inatolewa na mamlaka ya elimu ya mahali unapotaka kufundisha, na kila mamlaka ina masharti yake. Chukua Marekani: kila jimbo linatoa leseni yake kwa walimu wa shule za umma. Unaweza kuwa na uzamili safi wa TESOL, yaani wa kufundisha Kiingereza kwa wasemaji wa lugha nyingine, ukaambiwa bado, kwanza fanya mitihani ya jimbo, kwanza kaa shuleni wiki kadhaa ukifundisha chini ya mwalimu mwenyeji. Kuna programu za uzamili zilizopangwa kukufikisha huko, na kuna nyingine ambazo ni isimu tumizi, yaani taaluma ya lugha na matumizi yake, mwanzo mpaka mwisho, zinazomwandaa mtu kwa utafiti au kwa kufundisha watu wazima. Zote ni halali. Mimi nilipanda gari zuri lisilokwenda kwetu.

Basi swali la kwanza liulize hivi, neno kwa neno: nikimaliza, nitaruhusiwa kufundisha nani, wapi, na leseni atanipa nani? Liulize kwa barua pepe upate jibu la maandishi. Kisha usiishie chuoni, nenda kawaulize wenyewe wanaotoa leseni. Usimwachie mpokea simu miaka miwili ya maisha yako.

Mwaka wa nyongeza niliousoma kufidia kosa hilo nauruka, haukuwa na jipya zaidi ya fomu na foleni. Ila ndani yake kulikuwa na mazoezi ya kufundisha, ambayo uzamili wangu haukuwa nayo hata siku moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa sijui.

Kwenye nadharia nilikuwa mbele, nalisema bila aibu. Nilimpenda mwanaisimu Corder, aliyeandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi si uchafu wa kufagia, ni ushahidi wa kile anachokijenga kichwani. Nilimpenda na mwanaisimu mwenzake Selinker, aliyekuja mwaka 1972 na hoja ya lugha ya katikati, ile ambayo mwanafunzi anaisema akiwa njiani, si lugha yake ya nyumbani na bado si Kiingereza, na ina kanuni zake. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa.

Sasa twendeni kwenye jioni moja ya mazoezi hayo. Wanafunzi kumi na wanne, wote watu wazima waliotoka kazini. Mada ni hali timilifu. Andalio la somo nimelipanga dakika kwa dakika. Baba mmoja wa makamo, mwenye daftari la jalada gumu na kalamu mbili, akanyoosha mkono. Akauliza taratibu: "Mwalimu, 'I lived here for five years' na 'I have lived here for five years', zote ni miaka mitano. Tofauti iko wapi?"

Sentensi zote mbili nimezitumia tangu utotoni na sijawahi kukosea. Nikafungua mdomo, nikazungumza. Nikataja istilahi, nikatoa mfano, nikautengua kwa mfano mwingine, nikarudi mwanzo. Yule baba aliandika neno moja, akalikata, akaweka kalamu chini. Akasema "thank you" kwa adabu, jinsi unavyomshukuru mtu aliyekuelekeza njia isiyo yenyewe.

Somo lilikuwa limerekodiwa. Kesho yake mkufunzi wangu alinikalisha tukatazama video pamoja. Alikuwa na karatasi yenye safu mbili, moja yangu na moja ya wanafunzi, anapiga mstari kila dakika kutegemea nani anazungumza. Somo la dakika arobaini na tano. Safu yangu ilikuwa na mistari thelathini na mitatu. Kisha akaniambia nisikilize kimya kinachofuata baada ya kila swali langu. Hakikuwepo. Nauliza, najijibu. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliligundua hili miaka mingi iliyopita: mwalimu wa kawaida anasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na akisubiri tatu au zaidi, majibu yanarefuka na wanaojibu wanaongezeka.

Kulikuwa na jingine. Mama mmoja alisema "He go yesterday". Mimi nikadakia, "Yes, he went yesterday", na mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea na "go" yake mpaka mwisho wa kipindi. Watafiti Lyster na Ranta walichunguza madarasa mwaka 1997 wakakuta kwamba mtindo huu, wa mwalimu kurudia sentensi ikiwa imesahihishwa, ndio uliotumika kuliko mingine yote, na ndio uliowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa nadra zaidi. Nililijua hilo. Nilikuwa nimeliandikia insha na kupata alama ya juu kabisa. Na nilikuwa nalifanya, mbele ya kamera, bila kujiona.

Mkufunzi alikunja karatasi yake akasema, "Kiingereza chako ni kizuri sana. Jana hakuna aliyekitumia isipokuwa wewe." Nililia nikiwa chooni. Naandika hivyo ili mjue inauma, na kwamba ukiona inauma usiache.

Kwa hiyo swali la pili: katika programu hii nitasimama saa ngapi mbele ya wanafunzi halisi, huku mtu anayejua kazi akinitazama? Cheti kifupi cha kufundisha Kiingereza kiitwacho CELTA, cha Cambridge, kozi ya saa 120 hivi, kinadai saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi ukitathminiwa. Kama kozi ya wiki nne inadai hivyo, uzamili wa miaka miwili usio na hata saa moja unakuandaa kwa nini? Waulizeni jamani. Waulizeni bila kuona haya, ada ni yenu. Mtu haji kuwa mwalimu kwa kusifiwa matamshi, wala kwa kusoma sana habari za walimu. Na mkishaanza, ombeni video zenu, mzitazame hata kama mnajifunika uso.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa narudia swali la yule baba, na nilipochoka na vitabu nikalisema kwa lugha ya nyumbani. Niliishi hapa miaka mitano. Nimeishi hapa miaka mitano. Nikakaa kitako. "-li-" imefunga mlango, "-me-" imeuacha wazi. Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa mtoto, na miaka yote ya masomo nilikuwa nimeliacha nje ya darasa, nikidhani mwalimu wa Kiingereza hana budi kujifanya amezaliwa nacho. Bado kuna matangazo ya kazi yanayosema wanatakiwa wazawa wa lugha tu. Chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, nacho kiitwacho TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi huo mwaka 2006. Msikubali kuambiwa mmepungukiwa, ninyi mliojifunza lugha hii kwa jasho.

Kipindi kilichofuata nilichora ubaoni mistari miwili ya wakati. Mmoja ukakatika kabla ya nukta ya leo, wa pili ukaifikia na kuigusa. Nikauliza, "Nani bado anaishi hapa?" Kisha nikaweka mikono nyuma nikahesabu kwa vidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Ilikuwa kama saa nzima. Yule baba akachukua kalamu, akautazama ubao, akasema: "The first one, I am gone. The second one, I am here."

Mdogo wangu, kesho asubuhi waandikie barua pepe hiyo. Wakikujibu nitumie kabla hujalipa chochote, tuisome pamoja.