Kurudisha hesabu za nyumbani kwenye toleo la zamani la GnuCash: nilivyofanya mimi, Kigoma

Kaka, kwanza ondoa hofu, hesabu zako za miaka minne hazijapotea. Umesema laptopu ya kazini yenye GnuCash, ile programu ya kuandika hesabu, ya mfululizo wa 5 unairudisha Ijumaa, ya nyumbani ni ya zamani na ina mfululizo wa 3, na ulipojaribu kufungua faili lako huko nyumbani likakataa kwa ujumbe kwamba lina mambo ambayo toleo hilo haliyawezi. Ujumbe huo hausemi faili limeharibika. Mfululizo wa 3 ulitoka 2018 na wa 5 ukatoka 2023, na kati yao programu imejifunza kuandika vitu ambavyo ya zamani haivisomi. Ya zamani inakataa ili isije ikahifadhi hesabu nusunusu. Ni afadhali ilivyokataa.

Kwa hiyo kabla ya kusoma mengine: leo, ungali na laptopu ya kazini, toa nje vitu viwili katika muundo wa CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulisoma): orodha ya akaunti zako na miamala yote. Nakili na faili lenyewe la GnuCash. Weka kwenye flashi mbili, moja usiiguse tena. Halafu chukua daftari uandike kwa mkono salio la kila akaunti kwa tarehe moja. CSV haibebi bajeti uliyopanga wala miamala uliyoipangia kujirudia kila mwezi, kwa hiyo hivyo navyo viandike. Mimi daftari ndilo lililoniokoa.

Sasa nieleze yalivyonikuta. Nauza dagaa wakavu na mawese hapa Kigoma, mtoto wangu anasoma Tabora, na hesabu za nyumba na za biashara naziandika tangu 2021. Mapato yangu hayana mwezi unaofanana na mwingine. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa huvutwa na taa na taa inataka giza. Halafu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nilikuwa nimetenga fungu la kutuvusha miezi hiyo mitatu. Mwezi Juni, katikati ya kufungwa huko, laptopu ikafa. Fundi alisema madabodi imeungua, lakini diski ni nzima, akanitolea mafaili kwenye flashi. Nyumbani ilikuwepo laptopu nyingine ya RAM GB 2, yenye mfumo wa Ubuntu wa 2020, na GnuCash iliyokuja nao ilikuwa ya mfululizo wa 3. Ya kununua mpya sikuwa nayo, na bando la kupakua mfumo mzima upya lilikuwa anasa kwa wakati ule. Nilichotaka ni kujua kitu kimoja tu: fungu la ziwa limebaki kiasi gani, na litatufikisha wapi.

Watakuja watu hapa wakuambie pandisha toleo kwenye laptopu ya nyumbani uachane na usumbufu wote huu. Ikiwa mashine yako inaweza na bando unalo, wako sahihi, fanya hivyo. Ninayoandika ni kwa ambaye haiwezekani.

Nilikwenda steshenari moja ya Mwanga, hapahapa Kigoma, yenye kompyuta nzuri, nikaomba ruhusa ya kuweka GnuCash mpya. Faili la kuiweka kwenye Windows linazidi MB 100, nilitumia bando langu. Nikafungua hesabu zangu, nikatoa CSV, kisha nikafuta kila kitu changu pale, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Hili la kufuta nalisisitiza. Faili la hesabu lina majina ya wanaokudai na unaowadai, na si vizuri likabaki kwenye mashine ya watu.

Kosa langu la kwanza lilitokea palepale. Nilitaka kuangalia kama CSV imetoka sawa, nikaifungua kwa Excel, nikarekebisha jina moja, nikahifadhi. Kumbe kwenye maelezo ya baadhi ya malipo, bili ya maji, kodi ya ardhi, nilikuwa nimeweka kontroo namba, na nyingine zilikaa peke yake kwenye safu yake. Kontroo namba ina tarakimu 12. Excel ikiona namba ndefu kiasi hicho kwenye kisanduku cha kawaida huionyesha kwa kifupi, kitu kama 9.91E+11, na ukihifadhi kama CSV inaandika kile inachokionyesha, si kile ulichoandika wewe. Namba zote zikawa hazisomeki. Namba za simu nazo zikapoteza sifuri ya mbele. Nilirudi kwenye nakala ya pili ya flashi, ndiyo maana nimekwambia uwe na mbili. Ukitaka kuchungulia CSV, tumia programu ya maandishi matupu kama Notepad, na ufunge bila kuhifadhi.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni la tarehe. Wakati wa kuingiza miamala, programu inakutaka uipe kila safu ya CSV jina lake, na inakuuliza tarehe zimepangwaje: siku kwanza, mwezi kwanza, au mwaka kwanza. Faili langu lilikuwa na siku kwanza, mimi nikachagua mwezi kwanza bila kuangalia. Tarehe kama 25/03 ilionyeshwa kuwa na kasoro, maana hakuna mwezi wa 25. Nikaona mistari mingi yenye kasoro, nikaweka alama ya kuiruka, nikisema nitaiandika kwa mkono baadaye. Hapo nikajifungia mlango. Mistari iliyokubaliwa kuingia ilikuwa ya tarehe 1 hadi 12 za kila mwezi, nayo karibu yote ilikuwa imehama mwezi: ya 3 Aprili ikakaa 4 Machi, ya 10 Januari ikaenda 1 Oktoba. Kwa mwaka mzima kuna tarehe 144 za namna hiyo, na ni 12 tu zinazobaki mahali pake, zile ambazo siku na mwezi ni namba moja kama 5/5. Salio la jumla linaweza hata kukudanganya kidogo, lakini ukiangalia matumizi ya mwezi mmoja mmoja unakuta Oktoba umelipa ada ya Januari. Programu ikikuonyesha kasoro kwenye mistari mingi, usiiruke. Simama, soma mistari mitatu, utaona ni tarehe au ni safu uliyoipa jina lisilo lake.

Nilifuta kitabu kizima, yaani faili la hesabu nililokuwa nimeanzisha kwenye laptopu ya zamani, nikaanza upya, na safari hii nikafanya uamuzi ambao nakushauri na wewe uufanye: nisibebe historia yote. Miaka ya nyuma ibaki kwenye flashi kama kumbukumbu ya kusomwa. Kitabu kipya kianze na masalio.

Inakuwa hivi. Chagua siku ya mpaka, ambapo hesabu za zamani zinaishia. Mimi nilichagua 31 Desemba 2023. Kwenye toleo jipya angalia kila akaunti ilikuwa na kiasi gani siku hiyo, na hapo kumbuka kanuni ya hesabu: mali na madeni ndivyo vyenye salio la kuanzia, yaani taslimu, benki, M-Pesa, hisa zako za kikundi, mtaji uliomkopesha mtu, mkopo unaodaiwa. Mapato na matumizi huanza na sifuri, usiyape salio. Kisha toa tena miamala, lakini safari hii kuanzia 1 Januari tu. Sehemu ya kutoa inakuruhusu kuchagua tarehe. Kwenye laptopu ya zamani anzisha kitabu kipya cha sarafu ya TZS, ingiza orodha ya akaunti kwanza, andika masalio ya kuanzia, ndipo uingize miamala. Ukianza na miamala kabla ya akaunti utakaa usiku kucha ukiielekeza mmoja mmoja iende wapi.

Toa miamala yote kwa pamoja, si akaunti moja moja. Ukihamisha 200,000 kutoka taslimu kwenda M-Pesa, muamala huo unaonekana kwenye akaunti zote mbili. Ukizitoa kwa mafungu na kuziingiza kwa mafungu, ni rahisi uingie mara mbili.

Sasa hapa ndipo nataka utulie zaidi, kwenye kulinganisha. Usiamini kitabu kipya hata kama kimeingia bila kasoro. Kwanza linganisha na daftari: kila akaunti, tarehe ileile. Pili linganisha na uhalisia: hesabu pesa zilizo kwenye kopo, tazama salio la simu, chukua taarifa ya benki. Mimi tofauti zilikuwepo, na nilizitafuta kwa njia aliyonifundisha mhasibu mmoja mstaafu jirani yangu.

Tofauti ikiwa ni kiasi unachokijua, tafuta muamala wa kiasi hicho ulioachwa au ulioingia mara mbili. Isipopatikana, igawe kwa 2. Benki yangu ilikuwa imezidi kwa 170,000. Nusu yake ni 85,000, na 85,000 ilikuwa nauli ya mzigo wa dagaa kwenda Tabora niliyoiandika upande wa kuingia badala ya kutoka. Ikishindikana, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizopishana mahali ulipoandika kwa mkono. Taslimu ilipungua 54,000, ambayo ni 9 mara 6,000. Nikapekua, nikakuta mauzo ya 182,000 nimeyaandika 128,000. Nilifurahi kuliko ningeokota hela barabarani.

Upande wa M-Pesa tofauti ilikuwa ndogondogo, mia tatu hapa, elfu moja pale. Hayo ni makato ya kutuma na kutoa ambayo sikuwa nikiyaandika. Nilifungua akaunti ya matumizi inayoitwa Makato, nikaweka jumla kwa muamala mmoja wenye maelezo, nikaendelea. Sioni sababu ya kusumbuka na kila shilingi ya miezi iliyopita, ila kuanzia siku hiyo naandika makato kila mara.

Kazi yote ilinichukua jioni nne. Jioni ya nne nikafungua akaunti ya fungu la ziwa nikaona kilichobaki kinatosha wiki sita kwa matumizi yetu ya kawaida, na ziwa lilikuwa limebakiza wiki saba kufunguliwa. Nikajua nipunguze wapi, na nikazungumza mapema na mama mwenye nyumba kuhusu kodi.

Kuhusu swali lako la mwisho, mkopo wa kikundi wenye rejesho la kila wiki: uandike kwa kiasi kilichobaki siku ya mpaka, si kiasi ulichokopa mwanzo, na kila rejesho ligawe, sehemu ipunguze deni na riba iende kwenye matumizi. Halafu panga upya muamala wa kujirudia, maana ule wa zamani hautahamia.

Ukikwama kwenye kuzipa safu majina, weka hapa mstari wa juu wa CSV yako na mistari miwili ya mfano, ukibadilisha majina ya watu na viasi. Nitaiangalia jioni nikitoka sokoni, ila usingoje hadi Alhamisi.