Jibu: Je, Sommersby ni kisa cha kweli?
Mkuu, umeuliza kama filamu ya Sommersby ya 1993 ni kisa cha kweli. Nusu nusu. Askari anayerudi Tennessee baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ni wa kutungwa, ila kiini kimetoka kijiji cha Artigat, Ufaransa. Martin Guerre alitoroka kwake 1548. Mwaka 1556 akaja Arnaud du Tilh akijifanya ndiye, na mke, Bertrande, akampokea. Fundi viatu alishuhudia kwamba Martin alivaa namba 12, huyu 9! Kesi ikafika Toulouse 1560, Martin halisi akatokea na mguu wa mti, Arnaud akanyongwa. Kama unataka historia, tazama filamu ya Kifaransa ya 1982, ya Daniel Vigne. Hii Sommersby, ya waigizaji Richard Gere na Jodie Foster, imeongeza kilimo cha tumbaku.