Mke wangu hataki tuuze Harrier tuchukue gari lisilokula mafuta

Msomaji wa Mbezi Makabe, Dar es Salaam, ananiandikia hivi: "Shikamoo shangazi. Nina miaka 41, nina mke na watoto watatu, na ofisi yangu iko Posta. Tuna Harrier ya cc 2,400, ile wanayoiita tako la nyani, na tangu mwaka jana inanimalizia shilingi 600,000 za petroli kila mwezi kwa kwenda kazini na kurudi tu. Nimepata dalali aliye tayari kuichukua na kunipa Toyota Aqua iliyotumika, nikiongeza milioni 5, ambazo nitakopa benki. Mke wangu amekataa katakata. Nikimuuliza sababu anajibu, 'Gari halinywi hivyo,' kisha ananyamaza. Kwa kuwa alichangia milioni 7 tulipolinunua, amejifanya ndiye mwenye gari. Taa ya injini nayo inawaka tangu Ramadhani iliyopita, kwa hiyo naona wakati wa kuliuza ni huu. Nifanyeje na mwanamke asiyetaka maendeleo?"

Marahaba, mwanangu. Najua mafuta yanaumiza, na najua jinsi mtu mwenye familia anavyoisubiri bei ya EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kama anayesubiri majibu ya hospitali. Pole kwa hilo. Sasa tuhesabu pamoja, maana barua yako ina namba nyingi na namba hizo hazipatani.

Nakukadiria kilomita 25 za kwenda na 25 za kurudi, kwa siku 22 za kazi, jumla kilomita 1,100 kwa mwezi. Gari la injini hiyo, katika foleni ya Barabara ya Morogoro, tuseme linakwenda kilomita 8 kwa lita, na lita tuifanye shilingi 3,000. Hapo inakuja takriban 412,000. Wewe unasema 600,000. Iliyobaki, karibu 188,000, ni petroli ya kukimbiza gari hilo kilomita 500 nyingine, yaani kutoka hapa hadi Dodoma na kuipita. Usiniambie ni ubovu wa injini, kwa sababu umeandika mwenyewe kwamba taa iliwaka Ramadhani, ilhali laki sita zimeanza mwaka jana.

Mimi sijui kilomita hizo zinakwenda wapi, wala sitakuzulia jambo. Huenda unambeba ndugu, huenda unafanya biashara ya pembeni, huenda ni safari ambayo hungependa iandikwe gazetini. Lakini mkeo amekuambia kwa maneno matatu kwamba gari halinywi hivyo, na mwanamke anayeliona gari likiingia getini kila usiku, anayejua saa ulizotoka na saa ulizorudi, hana haja ya kuongeza neno la nne. Hajakataa maendeleo. Amekataa mkopo wa kuzipunguzia gharama safari asizozijua. Katika hili nasimama naye.

Nasimama naye pia kwa ile milioni 7. Umeiandika kama kero, na mimi nimeisoma kama haki yake. Mtu aliyetoa fedha hiyo hajifanyi mwenye gari. Ni mwenye gari, hata kama kadi ina jina lako peke yako, na dalali hakupaswa kulikagua gari hilo kabla yeye hajakubali.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu. Watu wanalipa karo kwa pamoja, wanajenga kwa pamoja, lakini fedha ya mafuta imegeuka mfuko wa siri, kwa kuwa ukisema umeweka ya elfu thelathini hakuna atakayechungulia tanki. Wanawake nao wana mifuko yao katika vikoba, na hao nimewasema mara nyingi hapa. Mficha uchi hazai, na nyumba ambayo kila mmoja ana hesabu yake ya pembeni haiwezi kuamua jambo dogo kama kubadilisha gari bila kugombana.

Na Aqua yenyewe? Ni gari zuri, silikatai. Likienda kilomita 18 kwa lita, safari zako za kazini zitagharimu kama 183,000, na utaokoa karibu 229,000 kwa mwezi. Lakini milioni 5 zitahitaji miezi 22 kurudi, kabla hujaihesabu riba ya benki. Aqua ni haibridi, yaani linatumia petroli na umeme. Lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, inayopozwa kwa hewa inayoingia kwenye tundu pembeni ya kiti hicho, na vumbi likijaa humo au mzigo ukiliziba, betri huchemka na kuchoka mapema. Kwenu ukiacha lami ni vumbi wakati wa kiangazi na mashimo wakati wa masika, na gari hilo liko chini. Betri iliyochoka itakula akiba yako ya miezi mingi kwa siku moja, na dalali aliyekuhimiza hatapokea simu.

Kwa hiyo usisaini kitu mwezi huu. Peleka Harrier kwa fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya injini. Mara nyingi taa ile ni sensa ya oksijeni, ambayo ikifa injini humwaga petroli kuliko inayohitaji. Akague pia plagi, kichujio cha hewa na upepo wa matairi. Kisha jaza tanki mpaka bomba likate lenyewe, andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi, na kila unapoweka mafuta andika lita na kilomita kwa siku 30. Daftari likae mezani, mahali mkeo anapoweza kulifungua bila kukuomba.

Siku hizo zikiisha, kaeni wawili. Ikiwa Aqua bado linalipa, mwende naye kulitazama, mkiwa na fundi wenu na si wa dalali, na jina lake liingie kwenye kadi. Lakini kabla ya daftari, leo jioni, mweleze zile kilomita 500.