Jibu: Wababeli walitabirije kupatwa kwa mwezi bila darubini?

Ndugu, umeuliza waliwezaje ilhali hawakuwa na darubini. Siri kubwa ni kumbukumbu. Waandishi wa Babeli (mji wa kale katika Iraki ya leo) waliandika mambo ya anga kwenye vibao vya udongo kwa karne nyingi, kizazi kikimwachia kizazi. Wakabaini kwamba baada ya miezi mwandamo 223 (mmoja ni toka mwezi mpya hadi mwezi mpya unaofuata), yaani miaka 18 na siku 11 hivi, kupatwa hujirudia kwa mpangilio ule ule.

Lakini usiishie hapo, maana uhondo uko kwenye hesabu zenyewe. Walihesabu kwa sitini (ndiyo maana saa ina dakika 60), na wastani wao wa mwezi mwandamo ni sawa na siku 29.530594 kwa desimali zetu. Ukilinganisha na vipimo vya leo, tofauti haifiki sekunde moja! Hipparchus, Mgiriki wa karne ya 2 K.K., alitumia thamani hiyo hiyo.

Tazama pia vibao walivyoandika kuhusu sayari ya Mshtarii (Jupita). Mwanzoni sayari inakwenda dakika 12 za nyuzi kwa siku (hapa dakika si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi). Baada ya siku 60 imepungua hadi 9.5. Wakachukua wastani, wakazidisha kwa 60, wakapata umbali wote uliokwendwa: nyuzi 10 na dakika 45. Ukichora kasi dhidi ya siku, umbali huo ni eneo la trapeza (umbo la pande nne lenye pande mbili sambamba), mbinu ambayo Ulaya iliifikia karne ya 14.