Kuandamana ni haki, si hisani ya polisi

Ndugu, umeuliza kama kuandamana chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ni haki au hisani tu, maana kituoni mliambiwa hamna "kibali" cha kuandamana. Ni haki. Sheria inataka mtoe taarifa kwa polisi, siku 3 hadi 14 kabla. Kutoa taarifa si kuomba ruhusa. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe mhuri. Sisi nakala hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Kweli, Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa mipaka, lakini kwa sheria na kwa sababu ya msingi, si kwa neno la afisa. Mkizuiwa tena, nendeni Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi kama hiyo. Mwenzenu akikamatwa, tafuteni wakili siku hiyohiyo.