Kabla hujalipa ada ya deikea, pita kwanza ustawi wa jamii

Wazazi wenzangu mnaotafuta mahali pa kumwacha mtoto likizo ya uzazi ikiisha, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu mkaulize kama kituo mnachokitaka kimesajiliwa. Ulizeni kabla ya kulipa, maana ada ikishaingia, hata ukiona kasoro unajikuta unavumilia mpaka mwezi uishe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuendesha kituo cha kulelea watoto mchana bila leseni, na wanaokagua vituo hivyo ni maafisa ustawi wa jamii. Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiona karatasi yenye nembo ya Taifa ukutani tunaridhika. Nilipokuwa nazunguka kumtafutia mwanangu kituo hapa Dar es Salaam, mwenye kituo kimoja alinionyesha fremu mbili pale mapokezi: leseni ya biashara na cheti cha TIN. Nikamwuliza, "Na ya ustawi wa jamii, dada?" Akasema ipo kwenye mchakato. Nilimshukuru nikaaga. Zile karatasi zilihusu biashara na kodi. Hazikunihakikishia kwamba kuna mkaguzi aliyewahi kuingia chumba wanacholala watoto. Mtoto wa miezi minane hawezi kukusimulia jioni alishindaje, kwa hiyo lazima awepo mtu mwingine mwenye mamlaka ya kuingia na kuangalia.

Leseni ikiwepo, bado fika mwenyewe. Mimi napenda kwenda saa nane mchana, bila kutoa taarifa, watoto wakiwa wamelala. Hapo ndipo utaona mlezi mmoja ameachiwa watoto wangapi, kama wanabanana kwenye godoro moja, na kama kuna mlango wa pili wa kutokea moto ukizuka. Ingia chooni pia. Ukikuta ndoo kubwa imejaa maji na haina mfuniko, sema hapohapo, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama humo. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama huwa anasaini.

Najua wapo akina mama mitaani wanaolea watoto wa majirani sebuleni kwao bila leseni, na kwa mama anayeuza mboga sokoni huenda hao ndio pekee anaowamudu. Sipendi wafukuzwe. Mzazi anaweza kumshawishi mama huyo aende kwa afisa ustawi wa jamii aelezwe masharti ya usajili, na wazazi wakichangia hata magodoro na matundu ya choo, hatua hiyo inakuwa nyepesi.

Ila ukiona alama za kipigo, au mtoto anafungiwa chumbani, usisubiri kikao cha wazazi. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.