Maswali ya Wasomaji: Slaidi 40 kwa Wazee wa Kahawa

SWALI: Shikamoo Mama. Nimemaliza shahada ya uhasibu Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, sasa naanza kazi ya ushauri elekezi. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho kimeniita Jumanne ijayo, niishauri bodi kuhusu utunzaji wa hesabu. Nimeazima suti ya kaka na kuandaa slaidi 40. Naogopa wataniona mtoto. Nifanyeje?
Kijana wa Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Suti kama inakupwaya, irudishe. Shati lililopigwa pasi linatosha, na viatu vya kuhimili tope la mlimani. Zilizonitia hofu ni hizo slaidi.

Mwaka wangu wa kwanza niliitwa na chama cha kahawa upande wa Uru. Nilipanda na kompyuta na projekta ya kukodi. Kabla sijaiwasha, mzee mmoja wa bodi akaniuliza kwa upole: "Mama, kilo ngapi za kahawa mbivu zinatoa kilo moja ya kahawa safi?" Yaani buni iliyokwisha kukobolewa. Sikujua. Ni kama kilo 5 hadi 6, na hesabu zote za chama zinasimama hapo. Wakanisikiliza mpaka mwisho, wakanipa chai, wakanisindikiza hadi barabarani. Hawakuniita tena. Hadi leo naona walikuwa na haki.

Kwa hiyo omba hadidu za rejea, yaani kazi wanayotaka uifanye na mipaka yake, kwa maandishi, leo hii. Mwombe meneja taarifa ya mwisho ya ukaguzi ya COASCO, shirika la serikali linalokagua vyama vya ushirika, na makisio ya mwaka, uzisome kama unaingia mtihani. Kisha panda Kibosho kabla ya Jumanne, ukae na karani wa mizani. Mkulima akishapima, stakabadhi anaandika nani? Malipo ya awali anasaini kitabu gani? Kama si msimu, akuonyeshe vitabu vya msimu uliopita.

Siku yenyewe fika nusu saa kabla. Salimia wazee wote kwa mkono, ukianza na mwenyekiti. Kompyuta ibaki mkobani. Anza na jambo uliloliona kwenye taarifa yao, labda madeni ya pembejeo, uulize ilikuwaje, halafu nyamaza uandike. Slaidi bakiza 5, zichapishe kwa herufi kubwa, kila mjumbe na nakala yake.

Na nauli ya ile safari ya kwanza, usiwadai.